Tisini na Nane Isiyosogea

"Mama Magige, hicho kidude chako kikinyamaza, utajuaje kama kimekufa au kimeridhika?"

Jirani yangu Felistas aliniuliza hivyo siku ya kwanza niliyokabidhiwa kisanduku cha hewa. Mkono mmoja alishika sufuria ya uji, mwingine kiunoni. Nilicheka. Nikamwambia kina king'ora, hewa ikichafuka kitalia mpaka ng'ombe wa kule Kisaka wainue masikio. Akacheka na yeye, akaenda kuwauzia wachimbaji uji wake. Lakini kila nilipokaa peke yangu mbele ya kile kioo, swali lile nililisikia tena.

Rashi ya dhahabu, ile mbio ya watu kukimbilia machimbo, ilipoingia kwetu Itiryo, kilima tulichokuwa tunachungia mbuzi kilitobolewa kwa mwezi mmoja tu. Watu walitoka Mugumu, walitoka Sirari, wengine walivuka mpaka kutoka Migori na magodoro kichwani. Mimi nilikuwa mjane wa mwaka wa nne. Binti yangu Rhobi ameolewa Manchira. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na Magige, kijana wangu wa miaka ishirini na mitatu. Wiki ya pili ya rashi akashuka duarani. Hakuniuliza. Aliniambia jioni, udongo ukiwa umeshamwingia masikioni.

Duara ndilo shimo la kuchimbia dhahabu, na lile la Magige lilikuwa la mzee Nashoni, mtu wa ukoo wa marehemu mume wangu. Lilikwenda chini mita arobaini, na huko chini lilikuwa na tawi lililoingia ubavuni mwa mwamba. Mwezi ule ule, ng'ambo ya bonde, watu wawili wa duara jingine walikufa bila jeraha hata moja. Ulikuwa moshi wa pampu ya petroli. Ile hewa mbaya haionekani wala hainuki. Mtu anahisi usingizi, anakaa chini, basi. Nashoni akaingiwa na woga. Akamwita Okumu, mpwa wa jirani yangu Felistas, fundi wa vifaa vya umeme kutoka Migori, amtengenezee kitu cha kunusa hewa.

Kazi ya kukiangalia akanipa mimi, kwa kuwa darasa la saba nilimaliza, namba naziandika vizuri, silewi wala sisinzii. Ila hakuniruhusu kukaa karibu na mdomo wa duara. Wachimbaji wanaamini mwanamke akisogelea pale dhahabu inakimbia, na mjane ndiyo kabisa, anawavutia mauti walioko chini. Mimi ni Msabato, mambo hayo siyaamini, lakini sikubishana na mtu. Wakavuta waya hatua thelathini, wakanisimamishia turubai na kiti, nikakaa na daftari langu.

Visanduku vilikuwa viwili. Cha chini kilining'inizwa mwisho wa duara, kikinusa. Kila baada ya sekunde kumi kilituma juu neno moja na namba: DUARA:31, DUARA:33. Cha juu, kilichokuwa mbele yangu, kilionyesha namba hiyo kwenye kioo kidogo. Ikifika mia, king'ora kinalia na watu wote wanapanda. Hakuna wa kuuliza.

Wiki ya kwanza kililia mara tatu bure. Waya ulipita kwenye mawe yenye maji, karibu na jenereta, na namba zilifika juu zimevurugika. Watu walikimbia kupanda, wakakuta kioo kinasema mia tisa, kisha kumi na nane. Mara ya tatu Werema, nyapara wa duara, mtu mwenye kifua kama pipa, aliniambia, "Mama, hiki kitu chako kikilia tena nakishusha chini kikaoane na mwenzake."

Ndipo Okumu akaja kukirekebisha. Alikaa chini ya turubai langu siku nzima na kompyuta yake magotini. Nikamuuliza anafanya nini.

"Mathe, nakiwekea ukaguzi," alisema. Ana Kiswahili cha kule kwao. "Unaona, kwa mashine kila herufi ni namba. Sasa ile ya chini itajumlisha ujumbe wote, itume ujumbe pamoja na jumla yake. Hii ya juu ikipata, inajumlisha tena yenyewe. Jumla zikilingana, inakubali. Zikikataa kulingana, inajua kuna kitu imeharibika kwa njia, inatupa."

"Ikishatupa inaonyesha nini?"

"Inabaki na ile ya mwisho ilikuwa nzuri. Mzee amesema hataki kioo iwe tupu."

Nashoni alikuwa amesimama nyuma yetu. "Kioo kitupu kinatia watu woga," alisema. "Mtu mwenye woga hachimbi."

Okumu aliendelea kunieleza, nadhani kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumweleza. Kujumlisha kwenyewe alikuwa anakuweka ndani kabisa ya kisanduku, kwenye ile programu inayozitawala zingine zote, kerneli, aliiita. Chipu ya kile kisanduku ilikuwa ndogo, ya bei ya chini, haina nguvu, kwa hiyo sehemu ile aliiandika upya mwenyewe, hatua kwa hatua, ili iende haraka. Kisanduku cha chini alikinunua kimeshatengenezwa, kujumlisha kinakujua tayari, akakiamuru tu kianze; ndani hakukigusa. Mengi yalinipita. Nilishika moja tu, kwamba sasa kinatupa.

Tangu siku ile hakikulia tena bure. Wachimbaji wakanisifu kana kwamba mimi ndiye niliyekitengeneza.

*

Siku ninayoieleza ilikuwa Jumatano. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, maji yakajaa chini, na ndiyo kwanza walikuwa wameufikia mstari wa mawe yenye dhahabu. Pampu haikuweza kuyavuta maji ikiwa juu. Kina kilikuwa kimezidi. Basi asubuhi wakaifunga kamba, wakaishusha hadi kwenye kibaraza cha mita ishirini, katikati ya duara, wakaiwasha huko huko.

Nilipoona wanaishusha nilimwendea Nashoni. "Baba, si ndiyo iliyowaua wale wa ng'ambo?"

"Wale hawakuwa na mashine, Mokami." Akiniita kwa jina langu najua amechoka na mimi. "Sisi tunayo. Si unayo wewe?"

Saa tatu kamili niliandika 22. Saa tatu na nusu, 57. Saa nne, 81. Robo saa baadaye, 94. Chini kulikuwa na watu watano, pamoja na Werema na Magige. Magige alikuwa ndani ya tawi, mbali kuliko wote. Nilisogeza kiti changu karibu na kisanduku, nikakitazama king'ora kama mtu anavyomtazama mgonjwa anayetaka kusema. Ikaja 98. Nikasema moyoni, sasa.

Hakikulia. 98. Nikaandika. 98.

Baadaye injini ikaishiwa petroli, ikazima. Kwa dakika kama kumi, duara zima lilikuwa kimya. Namba ikashuka, 91. Wakajaza, wakaiwasha. Ikapanda, 95, 96, 98. Ikasimama tena pale pale.

Nilisubiri kwa saa ya simu yangu. Dakika tano. Kumi. Ishirini. Injini inanguruma huko chini, kioo kinasema 98. Nimepika kwa kuni tangu utoto; sijawahi kuona moshi ukifika mahali ukasema hapa nimetosheka. Nikaanza kuzitazama ndoo. Asubuhi ndoo ya mawe ilikuwa inapanda kila nilipomaliza kuimba wimbo mmoja wa kanisani, taratibu, kimoyomoyo. Sasa niliimba mbili, nikaimba tatu.

Nikapaza sauti kwa Simioni, mwendesha winchi. "Simioni! Waulize wako salama?"

Simioni aliinama mdomoni mwa duara, akapiga kelele, akasikiliza, akarudi anacheka. "Werema anaimba, mama! Anasema leo kichwa kinamuuma kama amekunywa, na pombe hajaiona!"

Wenzake kwenye winchi wakacheka. Mimi nikainuka. Werema si mtu wa kuimba.

Nilimwendea Nashoni chini ya mti wa mkuyu alipokuwa anapanga viroba. "Baba, namba haisogei."

"Imefika mia?"

"Haijafika. Imekaa tisini na nane nusu saa nzima."

"Basi hewa imetulia. Hilo si jambo jema?"

"Injini ikiwa inafanya kazi hewa haiwezi kutulia."

"King'ora kimelia?"

"Hakijalia."

"Mama Magige." Alikiweka kiroba chini. "Tukiacha kuvuta maji saa moja tu, wiki nzima imepotea, na mstari wenyewe ndio huo tumeushika mkononi. Nilitoa ng'ombe wawili ili kuwe na king'ora, nisiwe namsikiliza kila mtu anayeota. Rudi ukakae."

Nilirudi, lakini sikukaa. Okumu alikuwa kwenye kibanda cha Felistas anakula ugali na dagaa. Nilimwita kwa sauti iliyomtoa nje hata Felistas mwenyewe, mwiko mkononi.

"Yaye, mama, kuna nini? Mtu amekufa?"

"Bado," nilisema. Neno lile liliponitoka ndipo nilipojua ninavyoogopa.

Okumu alikuja ananawa mikono kwa kuitikisa. Alikitazama kioo. "Iko sawa, mathe. Taa zote zinawaka."

Nilimfungulia daftari. Akalisoma, nikaona ameacha kutafuna. Akachomeka waya wa kompyuta yake kwenye kisanduku. Maandishi yakaanza kupanda kwenye kompyuta, mstari baada ya mstari.

"Zimetupwa nyingi," alisema polepole. "Mia mbili na kitu. Ni ile waya tena. Injini inaivuruga."

"Kama ni waya, mbona injini ilipozima na namba ikashuka, zote zilifika? Na ilipowaka tena, tisini na tano ilifika, tisini na sita ilifika, tisini na nane ikafika. Injini ilikuwa inanguruma zote hizo zinapopita. Waya gani huo unaochagua?"

Alirudia kuzitazama namba za daftari.

"Mwanangu, niambie unavyojumlisha. Pole pole, kama kwa mtoto."

"Najumlisha mbili mbili, mathe. Herufi mbili zinakuwa namba moja, zinazofuata mbili tena namba moja, naongeza mpaka mwisho. Ndio inaenda haraka."

Pale kanisani tukipanga watu wa kubatizwa tunawapanga wawili wawili, na mara nyingi mmoja hubaki. Nimewahi kuwa huyo mmoja. Nikamuuliza, "Na ikibaki moja mwishoni haina mwenzake?"

"Naiwekea sifuri iwe mwenzake..." Akainua mkono wa kushoto, akaanza kuhesabu kwa vidole huku midomo inatembea. D, U, A, R, A, zile nukta mbili, tisa, nane. Nane. Akaanza upya. D, U, A, R, A, nukta mbili, moja, sifuri, sifuri. Kidole cha tisa kilibaki juu peke yake.

"Nyasaye, Mungu wangu," alisema. "Sifuri nimeiweka upande mbaya."

"Maana yake?"

"Tisini na nane ni herufi nane, zinapangika. Mia ni herufi tisa, inabaki moja, na hapo mimi najumlisha vibaya. Ile ya chini inajumlisha vizuri. Zinakataa kulingana. Kwa hivyo kila ujumbe wa kuanzia mia, hii kitu inafikiria ni mbovu. Inatupa."

"Kwa hiyo haiwezi kusema mia."

"Haiwezi."

"Lakini king'ora mlikijaribu jioni ile ulipokirekebisha. Nilikisikia kwa masikio yangu."

Uso wake ulikuwa umepauka. "Tulikijaribu na jiko la mkaa nyumbani kwa mama Felistas hapa. Hatungeweza kufikisha mia ndani ya nyumba ya mtu. Nikakiweka kilie kwa ishirini. Kikalia. Nikabadilisha ikawa mia, nikakuletea."

"Zile zinazotupwa, unaweza kuzisoma?"

Aliteremsha macho kwenye kompyuta. Nami niliona, namba ni namba. DUARA:702. DUARA:711. DUARA:715.

*

Nashoni alitusikiliza akiwa amesimama. Okumu alieleza vizuri, mara mbili. Nashoni alipofungua mdomo, alisema jambo ambalo hata mimi lilinisimamisha.

"Wewe kijana, uliniambia kisanduku kinatupa uongo. Sasa unaniambia niuamini uongo kilioutupa. Mara ya kwanza kilisema mia tisa, watu wakapanda, ikawa bure. Kesho utaniambia nini?"

"Mzee, hizi si zile. Hizi zinapanda moja moja..."

"Kirekebishe kwanza. Kikilia, nawatoa."

"Inataka dakika ishirini, pengine thelathini."

"Basi dakika ishirini. Nenda."

Okumu alinitazama. Nikaona anataka kwenda, kwa sababu kurekebisha anakujua, na kugombana na mzee hakujui. Dakika ishirini. Nilimfikiria Magige ndani ya lile tawi, amekaa amechoka kidogo, anasema nipumzike nitaendelea.

Nyapara alikuwa chini, na wale wa juu hawawezi kuvuta mtu bila Nashoni kusema. Mimi nikipiga kelele watasema ni mama, anamlilia mtoto. Ndipo nikajua kuna jambo moja tu ambalo likitokea, watu wa duara wote, juu na chini, hawatangoja amri ya mtu.

Niligeuka, nikatembea zile hatua thelathini. Sikukimbia. Niliogopa nikikimbia nitaanguka.

"Mama, mwisho hapo!" Simioni aliita. "Mama Magige! Rudi nyuma! Mama, usifanye hivyo, kuna watu chini!"

"Najua kuna watu chini."

Aliacha mpini wa winchi akaja kunizuia, lakini aliogopa kunigusa. Nikapita. Nikasimama juu kabisa ya matimba, yale magogo ya mdomoni, ambapo hakuna mwanamke aliyewahi kukanyaga, nikatazama chini. Joto la injini lilinipiga usoni. Nikasema, Bwana, unanijua kwamba simo katika mambo haya, nisamehe kwa kuyatumia. Nikafungua kitambaa changu cha kichwani, nikakiachia.

Kilishuka kinazunguka, kikapita kwenye kibaraza, kikapotea gizani.

Nyuma yangu Nashoni akaanza kunitukana kwa Kikurya, maneno ambayo sitayaandika. Nilibaki nimeitazama kamba ya ishara, ile ambayo walioko chini huivuta kugonga kengele ya juu. Ilikuwa imelegea. Ilikaa imelegea mpaka nikadhani nimechelewa. Kisha ikakaza, kengele ikagonga mara tatu. Vuteni watu.

Wa kwanza alitoka anatapika, anasema kitambaa cha mwanamke kimeanguka juu ya nyundo yake. Wa pili hakuweza kusimama. Wa tatu alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, hajui yuko wapi. Wa nne Werema. Walimlaza chali, akanitazama kwa macho mekundu. "Wewe mama, umetuua," alisema, na ulimi ulikuwa mzito. Alikuwa hajui bado kwamba ni mzima.

"Magige yuko wapi?"

"Yuko tawini. Nimemwita. Amekaa tu. Ananitazama tu."

Nikawatazama wanaume waliokuwa pale, labda ishirini. Kila mmoja akatafuta kitu cha kutazama. Sikuwalaumu. Duara lilikuwa limeshaingiwa na mjane, na hewa yenyewe sasa wote walikuwa wameiona inavyowafanya watu.

"Leteni bomba la hewa la kompresa ya duara la jirani," Okumu alisema. Alikuwa anavua viatu. "Mimi nashuka."

Felistas alimrukia, akamshika shati kwa mikono miwili. "Ayaye! Wewe hujawahi kuingia hata kisimani! Mama yako nitamwambia nini Migori?"

"Utamwambia niliweka sifuri pahali mbaya," alisema, akaitoa mikono yake kidole kwa kidole.

Walimfunga kiunoni, wakampa ncha ya bomba linalopuliza hewa safi, aliweke mdomoni. Simioni akazungusha winchi. Nilihesabu mizunguko. Ya kumi na nane, ngurumo ikakatika. Okumu alikuwa ameizima injini. Ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kelele, kwa sababu sasa tungeweza kumsikia mtu, na hatukumsikia. Mizunguko ikaendelea. Kamba ikafika chini, ikalegea, ikaburuzika kidogo kidogo kuelekea tawini.

Sikuomba kwa maneno. Nilishika lile gogo kwa mikono yote miwili na hakuna aliyeniambia nitoke. Felistas alikuja akapiga magoti kando yangu, kichwa changu kikiwa wazi, akavua leso yake akanifunga.

Kengele ilipogonga, mikono minane ilishika mpini mmoja.

Walitoka wamefungwa pamoja kama mzigo. Okumu alikuwa bado anapumua kwenye bomba. Kichwa cha mwanangu kilikuwa kimelala begani mwake, midomo myekundu kama ya mtu aliyekunywa rangi. Wakamlaza. Nikaweka shavu langu karibu na pua yake, nikangoja, nikangoja, ikaja pumzi moja ndogo. Kisha nyingine.

*

Alilala zahanati siku mbili. Macho yalipokuwa yamefunguka vizuri alinitazama, akageukia ukutani. Kijana mmoja alikuwa ameshamweleza nilichofanya. Jina la mtu ambaye mama yake ameharibu duara halikai vizuri mdomoni mwa wachimbaji, na yeye alikuwa anataka sana kuwa mchimbaji. Nilimpa uji, akanywa. Hakusema na mimi.

Siku ya tatu, Nashoni alituita wote nyumbani kwake. Walikuwepo Werema na wenzake, Simioni, Okumu, mimi na Magige. Nilikaa karibu na mlango. Nilichokuwa nakiogopa sasa hakikuwa hewa. Nilimwona Magige amekuja na buti zake na taa yake ya kichwani.

"Yaliyopita yamepita," Nashoni alisema. "Duara litasafishwa kwa mbuzi, na mbuzi huyo atatolewa na mama huyu, kwa sababu kosa ni lake. Mashine imetengenezwa. Pampu itakaa pale pale, kwa kuwa sasa king'ora kinafanya kazi. Jumatatu tunashuka. Magige, mura, kijana wetu, wewe nakuongezea fungu. Nafasi ya tawini ni yako, hakuna anayeijua kama wewe."

Wachimbaji walitazama chini. Werema alikuna shingo. Nilimwona mwanangu akinyoosha mgongo, kama kijana anavyofanya akisifiwa mbele ya wakubwa. Nilikuwa na maneno mengi. Niliyameza, kwa kuwa nilijua neno langu moja lingemsukuma ashuke.

Magige alimgeukia Okumu. Sauti yake ilikuwa bado ya mkwaruzo.

"Kaka. Sasa kikifika mia kinalia?"

"Kinalia. Nimekijaribu kwa mia, mia mbili, mpaka mia tisa."

"Na vile kilivyokuwa zamani, kabla hujagundua. Kingekaa kimya mpaka lini?"

Okumu alitazama mikono yake. Angeweza kusema hajui. "Kosa lilikuwa kwa namba za tarakimu moja, na za tarakimu tatu," alisema. "Elfu moja ni tarakimu nne. Hizo zinapangika mbili mbili, haibaki moja. Kwa elfu ingelingana. Kingelia."

"Elfu moja."

"Eeh."

"Na sisi kwenye elfu moja tungekuwa wapi?"

Nje mke wa Nashoni alikuwa anafukuza kuku kwenye mtama, tukamsikia mpaka akamaliza.

"Mura, hayo ni ya zamani," Nashoni alisema. "Nimesema imetengenezwa. Nimesema nakuongezea fungu. Unasemaje?"

Magige aliinama akafungua kamba za buti, moja, kisha ya pili. Buti zilikuwa mali ya duara. Akazipanga chini ya meza. Akavua taa ya kichwani, akaizungushia mkanda wake, akaiweka mbele ya Nashoni. Kisha akapita kando yangu, miguu mitupu, akatoka.